Askofu Frank Weston na Adabu ya Mgeni Kanisani

Mtu asimamaye Kivukoni, Dar es Salaam, akaelekeza macho yake mjini, huiona minara miwili ya makanisa isiyo mbali mmoja na mwenzake. Mmoja ni wa Azania Front, kanisa la Walutheri. Wa pili ni wa kanisa kuu la Mtakatifu Yosefu. Wajerumani waliyajenga makanisa hayo karibu wakati mmoja, mwishoni mwa karne ya 19 na mwanzoni mwa karne ya 20. Siku ya Jumamosi magari ya arusi hupishana katikati yake, matarumbeta yakilia huku na huku. Naye mfanyabiashara wa Kariakoo aliyefunga duka mapema ili amsindikize jirani yake hachagui mlango wa kuingia. Yeye hufuata arusi, au hufuata jeneza, na pale wanapoingia wenzake naye huingia. Katika nyumba za Kariakoo, za zamani na hizi za ghorofa, Mkatoliki, Mlutheri, Mwanglikana na Mwislamu hukaa ukuta kwa ukuta, na msiba wa mmoja ni msiba wa wote.

Wasomaji wetu na watuwie radhi tukianza kwa kuungama kosa letu wenyewe. Miaka michache iliyopita tuliadhimisha Misa ya arusi ambayo bwana arusi alikuwa Mkatoliki na bibi arusi Mlutheri, na nusu ya watu waliojaa kanisani walikuwa wageni. Hatukutamka hata neno moja la kuwaongoza. Wakati wa Komunyo shangazi wa bibi arusi, mama wa makamo aliyevaa kitenge cha sare ya ukoo, akajipanga pamoja na wengine kwa moyo mweupe kabisa. Alipokaribia altare, msimamizi mmoja aliyemjua akamshika mkono, akamtoa katika mstari mbele ya macho ya watu wote. Mama yule hakujibu kitu. Alitoka nje, akakaa kivulini mpaka Misa ilipokwisha, na karamuni hakuonekana. Msimamizi aliilinda sheria, lakini adabu haikupata mlinzi. Na wa kulaumiwa kwanza ni padri aliyekaa kimya, maana mgeni haijui nyumba mpaka mwenyeji amwonyeshe.

Tangu siku hiyo tumekuwa tukimfikiria mtu mmoja wa zamani, ambaye kwa jambo hili hili la nani apokee Komunyo katika kanisa la nani aliwatikisa Waingereza wote, kule kwao na huku Afrika. Hakuwa Mkatoliki wa Roma. Alikuwa Frank Weston, askofu wa Kianglikana wa Zanzibar, na mambo yake yanauhusu mji wetu kuliko wengi wajuavyo.

Alizaliwa London tarehe 13 Septemba 1871. Alisoma Oxford, akafaulu teolojia kwa daraja la kwanza, akawekewa mikono katika Kanisa lake, akatumika kwanza kati ya maskini wa mashariki ya London. Mwaka 1898 akavuka bahari kuja Unguja chini ya Misheni ya Vyuo Vikuu, ile UMCA ambayo wazee wa Masasi na Magila wangali wakiikumbuka. Akawa mkuu wa chuo cha Kiungani, akakijua Kiswahili hata akakitumia kwa kufundisha, kuhubiri na kutungia sala, na mwaka 1908 akawekwa kuwa Askofu wa Zanzibar. Dayosisi yake haikuishia visiwani. Ilivuka mpaka bara, katika nchi iliyotawaliwa na Wajerumani wakati ule, nayo Dar es Salaam ilikuwa ndani ya mipaka yake.

Weston alikuwa wa upande ule wa Waanglikana wanaojihesabu kuwa Wakatoliki. Mtu wa kwetu aliyeingia katika kanisa lao la Mkunazini, lililojengwa mahali palipokuwa soko la watumwa, angeweza kudhani kwamba yuko nyumbani: altare, ubani, ungamo, heshima kwa Mama wa Mungu. Kwake Komunyo haikuwa alama ya urafiki wala kiburudisho cha mwisho wa mkutano. Ilikuwa Mwili wa Bwana, nao ulilindwa na askofu aliyepokea mamlaka yake kwa mfululizo kutoka kwa Mitume. Mambo hayo mawili hakuyatenganisha hata siku moja, na asiyeyafahamu hataweza kuelewa kwa nini alikasirika kiasi kile mwaka 1913.

Mwezi wa Juni mwaka huo wamisionari wa madhehebu mbalimbali walikutana katika misheni ya Waskoti huko Kikuyu, karibu na Nairobi. Walikuwapo Waanglikana wa CMS pamoja na maaskofu wao wawili, Peel wa Mombasa na Willis wa Uganda. Walikuwapo Wapresbiteri wenyeji wa mahali pale, Wamethodisti, na wengine. Shida iliyowaleta ilikuwa shida ya kweli. Misheni zilikwisha kugawana nchi, huyu wilaya hii na yule wilaya ile, lakini watu hawakukaa palipochorwa mistari. Kijana aliyebatizwa na Waskoti alikwenda kutafuta kazi mahali penye Waanglikana tu. Jumapili ikifika, aende wapi? Na akienda, je, aruhusiwe mezani pa Bwana, au abaki kama mtu asiyebatizwa? Wasomaji wetu wanaotoka Moshi, Masasi, Bukoba au Peramiho kuja kutafuta riziki sokoni Kariakoo wanalijua swali hilo bila kufundishwa. Mkutano ukapendekeza muungano wa misheni, na ndani yake mpango kwamba Mkristo aliye mbali na kanisa lake apokewe kama mgeni katika Komunyo ya kanisa alilolikuta.

Mwishoni mwa mkutano Askofu Peel aliadhimisha Komunyo kwa kitabu cha sala cha Waanglikana ndani ya kanisa la Waskoti, na wajumbe wasio Waanglikana wakapokea mkononi mwake. Mtu wa Kanisa la Scotland ndiye aliyehubiri. Waliokuwapo waliondoka kwa furaha kubwa.

Habari zilipofika Unguja, Weston hakufurahi. Aliandika barua ya wazi kwa Askofu wa St Albans, kule Uingereza, akiuliza Kanisa lake lasimamia nini. (Jina hilo la Albano ndilo jina la kanisa la Waanglikana lililo katikati ya mji wetu, huenda hiyo ni bahati tu.) Akawashtaki Peel na Willis mbele ya Askofu Mkuu wa Canterbury, Randall Davidson, kwamba wameeneza uzushi na kulipasua Kanisa. Maneno yalikuwa makali kupita kiasi, nasi hatuoni haya kusema hivyo. Hao waliokuwa wakishtakiwa walikuwa watu wa sala waliotafuta dawa ya ugonjwa halisi. Lakini swali la Weston halikuwa la kipuuzi. Aliuliza: Mwafrika aliyeingia Ukristo jana, akiona kwamba leo askofu ni wa lazima na kesho si wa lazima, kwamba Sakramenti ni hivi hapa na vile pale, atajuaje anachopokea?

Magazeti ya London yakajaa ugomvi wa Kikuyu mpaka vita vilipozuka Agosti 1914 na kuyapa habari nyingine. Kamati ya maaskofu ilikuwa imekwisha kulisikiliza shauri, na jibu likatolewa wakati wa Pasaka ya mwaka 1915: nia ilikuwa njema, lakini ibada ya namna ile isirudiwe. Watani wa Uingereza wakasema kwamba kumbe ibada ya Kikuyu ilimpendeza sana Mungu, ila isifanyike tena kamwe. Weston hakuridhika. Mwaka huo huo akatangaza kuvunja ushirika na Askofu wa Hereford kwa ajili ya kumpa cheo mwalimu aliyeonekana kuwa na mashaka juu ya imani. Huyo ndiye Weston wa hasira, ambaye adui zake walimpenda kumtaja.

Sasa yatupasa kusema neno ambalo Mkatoliki hana ruhusa ya kulificha. Mwaka 1896 Baba Mtakatifu Leo XIII alikuwa amekwisha kutamka kwamba daraja za Waanglikana si halali. Basi huyu aliyesimama mlangoni pa altare yake akiwazuia Wapresbiteri, mwenyewe alikuwa nje ya mlango wa altare yetu. Kama angeingia Mtakatifu Yosefu siku ya Jumapili, angepiga magoti pamoja na watu, angesadiki mengi wanayoyasadiki, na wakati wa Komunyo angebaki mahali pake. Hakuwa mtu wa kulinda mlango bila kujua uchungu wa kufungiwa. Tunapomhukumu kwa ukali wake wa mwaka 1913, tusilisahau hilo.

Vita vilimleta karibu nasi zaidi. Majeshi ya Waingereza yaliyoingia nchi ya Wajerumani hayakuwa na reli wala magari ya kutosha. Yalikwenda kwa mabega ya watu. Wapagazi walihitajika, wengi mno, na makumi ya maelfu yao walikufa kwa homa, kuhara, njaa na uchovu, wala wengi wao hawakuandikiwa hata jina. Mwaka 1916 Weston aliunda kikosi cha wapagazi wa Zanzibar, akakiongoza yeye mwenyewe huku bara, akapewa cheo cha meja. Watu wa visiwa vile karibu wote ni Waislamu. Askofu yule ambaye hakutaka kushiriki meza moja ya Bwana na Mpresbiteri alishiriki njia, jua na matope na watu wasiokuwa Wakristo hata kidogo.

Waingereza walipokwisha kuutwaa mji wa Dar es Salaam mwezi wa Septemba 1916, mahali ambapo Wajerumani walikuwa wameanza kujenga soko pakafanywa kambi ya kikosi cha wapagazi, kwa Kiingereza Carrier Corps. Wenyeji wakalitamka jina hilo kwa ulimi wao: Kariakoo. Soko lilifunguliwa mwaka 1923, jengo jipya lililosanifiwa na Beda Amuli likafunguliwa mwaka 1975, moto ukaliunguza Julai 2021, na jina la wapagazi halikuondoka. Hatusemi kwamba Weston ndiye aliyekipa kitongoji jina. Twasema kwamba kila mtu alitajaye Kariakoo hutaja kazi ile ile aliyoifanya askofu huyu pamoja na watu wake.

Baada ya njia zile alifanya jambo ambalo wachache walilitazamia. Mwezi wa Julai 1918 ulifanyika mkutano wa pili Kikuyu, naye Weston akaenda. Akaingia kama mgeni katika nyumba ile ile aliyoinyoshea kidole mbele ya dunia. Peel alikuwa amekwisha kufariki mwaka 1916, lakini Willis alikuwapo, na Waskoti walikuwapo. Weston hakuficha imani yake. Aliwaambia kwamba umoja hauwezekani bila uaskofu na Sakramenti. Lakini papo hapo akaongeza kwamba, ikiwa wao watakubali kuwekewa mikono na maaskofu, yeye naye yu tayari kusimama mbele ya watu wa makanisa yao na kupokea kwao kibali cha namna yoyote watakayoitaka. Hawakuafikiana. Wenzake walianzisha shirikisho la misheni bila muungano wa makanisa, na kutokana na ushirikiano huo ikazaliwa mwaka 1926 shule ya Alliance, ambayo wengi waijua. Walakini waliomwona Kikuyu walikutana na mtu mwingine kabisa, si yule wa barua.

Hapa twaomba kukaa kidogo, kwa sababu ya yule shangazi.

Sheria yetu ya zamani, ile ya mwaka 1917, ilimkataza Mkatoliki kushiriki ibada ya wasio Wakatoliki. Ilimvumilia tu akae kimya katika arusi au mazishi kwa sababu ya heshima. Wazee wetu wengi waliitii kwa kusimama nje, chini ya mwembe, mpaka jeneza lilipotoka. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, kwa hati yake ya tarehe 21 Novemba 1964, ukatufungulia njia ya kusali pamoja na Wakristo wenzetu. Mwongozo uliotolewa Roma mwaka 1993 ukaeleza wazi kwamba Mkatoliki aliye mgeni katika kanisa jingine ahimizwe kushiriki zaburi, nyimbo na viitikio vyao, na kwamba akialikwa aweza hata kusoma somo. Ila Komunyo yao haipokei; na ibada hiyo, hata ikiwa nzuri namna gani, haichukui nafasi ya Misa ya Jumapili. Wapo wanaodhani kwamba makatazo haya mawili yanaubatilisha ule ukarimu wa kwanza. Sisi twaona kinyume. Mtu aweza kuimba wimbo wa jirani yake kwa sauti kubwa bila kusema uongo wowote. Lakini kupokea ni kutamka kwamba mimi nawe tu Kanisa moja, chini ya askofu mmoja, katika imani moja. Na kama bado si hivyo, anayetamka hivyo amdanganya mwenyeji wake ndani ya nyumba yake. Hilo ndilo Weston alilolishika, akalisema kwa ukali mwaka 1913 na kwa upole mwaka 1918, nalo halikubadilika.

Tulikwenda kumwomba radhi mama yule. Akatupokea kwa chai na vitumbua, akatusamehe kabla hatujamaliza sentensi, halafu akatutoza faini: twende naye kanisani kwake, huko huko Kariakoo. Tukaenda, baada ya Misa yetu ya asubuhi. Yatakiwa kufika mapema, maana mgeni anayechelewa hukosa kiti, hukosa na mtu wa kumwonyesha ukurasa wa kitabu cha nyimbo. Wakati wa matangazo wageni wakaambiwa wasimame wajitambulishe, jambo ambalo Wakatoliki wengi hawakulizoea na wengine huliona kama kuwekwa kizimbani. Ni ukarimu tu: taja jina lako na utokako, ukae, usihubiri. Waliposimama tulisimama, walipoketi tuliketi. Tulitoa sadaka. Hatukupiga picha, wala hatukugeukiana kunong'onezana kwamba kwetu si hivi. Walipokwenda mezani pa Bwana tulibaki kwenye benchi letu tukisali, na mama yule akapita mbele yetu kwenda na kurudi. Baadaye nje kukawa na mnada wa vitu vilivyotolewa sadaka, nasi tukarudi parokiani na mkungu wa ndizi tulioununua kwa bei ambayo sokoni pale pale ungepata miwili.

Mgeni ajaye kwetu naye ana haki zake. Asilazimishwe kupiga goti wala kuchovya maji ya baraka, na asitazamwe kwa sababu hakufanya ishara ya msalaba. Akae palipo watu wa kumwongoza, si nyuma peke yake. Kabla ya Komunyo padri, wala si msimamizi, amweleze kwa sauti ya kawaida ni nani wapokeao na kwa nini, na kwamba anayebaki kitini hakudharauliwa na mtu. Maneno hayo hayachukui dakika moja. Kama mtu amekwisha kujipanga bila kujua, mstarini si mahali pa kumsahihisha mbele ya ukoo wake. Padri aweza kumnong'oneza neno la baraka, akapita kwa amani, na maelezo yakafuata nje.

Tumrudie Weston. Mwaka 1920 maaskofu 252 wa Kianglikana walikutana Lambeth, London. Wengi walimngoja simba wa Zanzibar aje kunguruma. Alikuja, akafanya kazi na watu aliopingana nao, na akawa mmoja wa waliouunga mkono Wito uliotumwa kwa Wakristo wote kutafuta umoja. Mwaka huo huo alichapa kijitabu kikali dhidi ya serikali ya nchi yake mwenyewe, iliyoruhusu Waafrika wa Kenya wasukumwe kwenda kufanya kazi katika mashamba ya walowezi. Wako wanaomkumbuka kwa Kikuyu tu wasijue kwamba kalamu ile ile iliandika hayo.

Mwaka 1923 alikuwa mwenyekiti wa kongamano kubwa la Waanglikana wa upande wake katika ukumbi wa Albert, London. Kutoka huko salamu zilitumwa kwa Baba Mtakatifu Pius XI, na Waingereza wengi wakachukizwa nazo sana. Ilikuwa kama mgeni aliyebisha hodi akijua hatafunguliwa siku ile. Katika hotuba yake ya mwisho aliwaambia wasikilizaji, waliokwisha kupigania haki ya kuwa na tabernakulo makanisani, kwamba hawana haki ya kumwabudu Yesu ndani yake ikiwa hawamhurumii katika miili ya maskini wa mitaani. Hayo aliyasema mtu aliyetembea na wapagazi.

Akarudi Afrika, akaendelea na ziara zake kama kawaida. Mwaka uliofuata, akiwa Hegongo karibu na Magila, katika nchi ya Wabondei, jipu la mgongoni likamtia sumu katika damu. Alikufa huko tarehe 2 Novemba 1924, siku ambayo sisi na watu wa upande wake twawaombea marehemu wote. Alikuwa na umri wa miaka 53.